Shangazi Amekonda

Kazi yangu ni kuwa shangazi. Usicheke. Hapa Kampala mtu anakodi hema, viti, masufuria na kipaza sauti, na akipungukiwa na jamaa, anakodi jamaa pia. Kijana wa Kikongo au wa Kikenya akimpenda binti wa Kiganda, hawezi kwenda kwao peke yake kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Lazima aende na watu wake: wazee waliovaa kanzu na koti, akina mama waliovaa gomesi, na mbele ya akina mama hao awepo shangazi, dada wa baba yake. Sherehe hiyo inaitwa kwanjula, na siku hiyo ukoo wa bwana harusi unachunguzwa kuanzia viatu hadi nywele. Sasa kijana ambaye ukoo wake wote umebaki Bukavu au Kakamega atafanya nini? Anampigia simu Msemaji, na Msemaji ananipigia mimi.

Huyu Msemaji ni Mganda wa makamo, mrefu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Yeye ndiye anayezungumza kwa niaba ya upande wetu, akijibizana na msemaji wa wenyeji kwa mafumbo na mizaha mchana kutwa, na ndiye anayepanga nani akae wapi. Tulikutana kwenye sherehe ya jirani yangu ambako nilikuwa mgeni tu, nimekaa na sahani yangu. Alinitazama kutoka juu hadi chini, halafu kutoka kushoto hadi kulia, na safari hiyo ya pili ilimchukua muda. Akaniambia kwa Kiswahili chake, akiniita mama kwa Kiganda, "Nnyabo, wewe iko na mwili ya shangazi."

Nami nilikuwa nao. Gomesi ni vazi la kitambaa kingi, mabega yamesimama, mshipi mpana umefungwa chini ya kiuno, na linataka mtu wa kulijaza. Mimi nililijaza mpaka likaomba msamaha. Na hapa shangazi mnene anasema mengi kabla hajafungua mdomo: kwamba ukoo huu unakula, ukoo huu una afya, binti yenu hatateseka. Mara nyingi wenyeji walikuwa wanatutazama kwa wasiwasi, wageni hawa wanaoongea Kiswahili, mpaka mimi nishuke garini. Hapo nyuso zilikuwa zinalainika.

Mimi na marehemu mume wangu tulihamia mji huu kutoka upande wa Busia tukiwa vijana. Hatukujaliwa mtoto. Alipofariki nilibaki mtaani Bwaise na chumba changu, redio yangu na domo langu. Kwa hiyo sitakudanganya eti kazi hii niliipendea malipo. Jumamosi hii una mpwa mrefu wa Kikongo, Jumamosi ijayo una mpwa mfupi wa Kikenya, wote wanakuita shangazi mbele ya halaiki, na baadhi yao wanaendelea kukuita hivyo hata hema likishang'olewa. Nilikuwa nimepata ukoo kwa mlango wa nyuma, na nilijivunia sana.

Tatizo lilikuwa magoti. Shangazi hasalimii akiwa amesimama. Anapiga magoti kwenye mkeka mbele ya wenyeji, anatoa salamu zake zote, halafu anainuka kwa heshima na kurudi mahali pake. Kupiga magoti ni rahisi, mwili wenyewe unajua njia ya kwenda chini. Kazi ni kurudi. Kwa miaka nilikuwa nikirudi kwa ujanja, mara nishike bega la dada aliye karibu, mara nijifanye narekebisha mshipi huku nikijisukuma. Nilidhani hakuna anayeona.

Basi ikafika siku ya kijana mmoja wa Kikongo anayeuza vitenge mjini, mpole, mwenye macho makubwa. Mama yake na shangazi zake wa kweli walikuwa mbali, na safari ilikuwa haiwezekani. Ile wiki aliyokuja kwangu kujitambulisha aliniletea kitenge, akaniita shangazi kabla sijakubali kazi. Nikampenda hapo hapo.

Siku yenyewe nikapiga magoti pamoja na akina mama wengine. Tukasalimu. Wenzangu wakainuka. Mimi nikabaki chini.

Nilijaribu goti la kulia, likakataa. Nikajaribu la kushoto, hilo hata halikujibu. Nikatabasamu. Wenyeji walidhani bado nina maneno, wakanyamaza kwa adabu wakingoja. Ningefanya nini? Nikaanza salamu upya. Nikauliza habari za nyumbani, habari za wazee, habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za migomba. Msemaji wa wenyeji akauliza kwenye kipaza, "Huyu shangazi anatusalimia sisi au anasalimia Uganda nzima?" Hema likacheka. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na kichwa kinazunguka.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoharibu kila kitu. Unajua, kwenye kwanjula bwana harusi hajitambulishi. Anakaa kimya katikati ya wenzake waliovaa kama yeye, mpaka shangazi wa binti aje kumtafuta na kumvisha ua kifuani. Huo ndio utamu wenyewe wa sherehe. Sasa huyu, alipomwona shangazi yake wa kukodi hainuki, akasahau yote. Akaruka kutoka mstari wa tatu, akaja mbio, akanishika chini ya makwapa na kunivuta. Wenyeji wakapiga kelele, "Huyo! Huyo ndiye bwana harusi!" Hema lilitaka kuanguka kwa kicheko. Tukatozwa faini ya kreti za soda kwa kumfichua bwana harusi kabla ya wakati, na Msemaji hakuniangalia mpaka jioni. Mpwa wangu alikuwa anacheka, lakini mikono yake haikuniachia mpaka nilipokaa. Aliniuliza kama nimeumia.

Jumatatu nikaenda kliniki kwa ajili ya kile kizunguzungu. Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa binti yangu. Akapima presha, akapima tena, akapima sukari, akanibonyeza magoti. Akaniambia presha iko juu, sukari inaelekea huko huko, na magoti yangu yanabeba mtu na mgeni wake. Akasema lazima nipungue.

"Binti yangu," nikamwambia, "huu mwili ndio cheti changu cha kazi."

"Mama, ukianguka barabarani utamwonyesha nani hicho cheti?"

Nilimchukia siku nzima. Usiku nikakumbuka ile mikono iliyonivuta, asubuhi nikatafuta viatu vya raba.

Mpango ulikuwa kutembea kila alfajiri kutoka Bwaise mpaka juu ya kilima cha Makerere. Siku ya kwanza nilifika kwa mama anayechoma mahindi, nikapumzika, nikala, nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa. Siku ya pili vilevile. Yule mama akaanza kuniwekea hindi langu pembeni. Siku ile nilipompita bila kusimama alinifuata kwa macho kama mtu aliyeibiwa, nami niliumia kwelikweli, kwa sababu hindi lilikuwa limeiva vizuri.

Matoke sikuacha, nani anaacha matoke? Nilipunguza mlima ukawa kichuguu. Mchuzi wa karanga niliutia kwa kijiko badala ya upawa. Chapati ya kuviringisha mayai niliipa likizo. Nikala dodo na nakati, mboga za majani ambazo zamani nilikuwa naziacha ukingoni mwa sahani. Kwa miezi hakuna kilichoonekana isipokuwa hasira. Nilikuwa mkali, jamani! Majirani walikuwa wakisikia kikombe kinaanguka chumbani kwangu, wanaingiza watoto ndani.

Halafu mambo yakaanza. Nikalala usingizi wa moja kwa moja. Nikafunga kamba za viatu mwenyewe bila kuzuia pumzi. Mvua ilipofurika Bwaise, nikaruka mtaro ambao zamani nilikuwa nauzunguka kwa kupitia mtaa wa pili. Vijana wa bodaboda, ambao walikuwa na tabia ya kuangalia tairi la nyuma kabla ya kunikubali, sasa wakawa wananigombania. Mmoja akaniuliza, "Mama, yule mwenzako mliyekuwa mnapanda pamoja yuko wapi?" Daktari alinipunguzia vidonge, akapiga makofi. Chumbani kwangu, mlango umefungwa, nilipiga magoti nikainuka, nikapiga magoti nikainuka, bila kushika kitanda. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nje ya mlango huo, hali ilikuwa nyingine. "Okozze!" watu waliniambia, yaani umekonda, na walilisema kwa sauti ya msibani. Mji huu una kumbukumbu ndefu. Kuna ule ugonjwa uliomaliza watu miaka ile, na hapa jina lake lilitokana na wembamba wenyewe, kwa hiyo mtu mzima akipungua, hakuna anayefikiria viatu vya raba. Jirani alianza kuniletea uji, akiuweka mlangoni na kuondoka bila kubisha. Kanisani mchungaji akaomba kwa ajili ya "dada yetu anayepitia kipindi kigumu", nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo dada nimsaidie kuomba. Kumbe macho yote yako kwangu. Ebo! Mtu umepona, watu wanakuzika.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Msemaji ndiye aliyenikata. Nilimkuta sokoni Nakasero, akichagua matunda ya vikapu vya zawadi. Tulikuwa hatujaonana muda, maana msimu wa sherehe ulikuwa umepoa. Aliniangalia, akaliachia nanasi.

"Banange! Shangazi, hii mwili imeenda wapi?"

"Umekwenda zake. Mimi nimebaki."

"Iko mgonjwa?"

"Nilikuwa mgonjwa. Sasa nimepona."

"Nnyabo, watu hapana ona kupona. Watu naona mifupa. Watasema tumeleta shangazi ya hospitali." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Akaniambia atanitafutia nafasi nyuma, na wasichana wanaobeba vikapu.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilimwambia vikapu abebe yeye na mama yake. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuvibeba, kwa sababu nyumbani nilikuwa sina pa kuipeleka Jumamosi. Mbele yangu alikuwa shangazi mpya, mnene, mzuri, amelijaza gomesi vizuri kabisa. Kijana wa Kikenya alimwita shangazi. Mimi aliniita "wewe wa maembe". Nilibeba maembe yangu, nikapiga magoti nayo, nikainuka nayo kama kijana, na hakuna aliyetazama. Njiani kurudi nililia kidogo ndani ya gari, nikasingizia vumbi. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba hakuna tena mtu atakayesimama mbele ya watu na kuniita shangazi.

Baadaye mwezi huohuo, mchana, mlango wangu ulibishwa kwa fujo. Nikafungua. Alikuwa mpwa wangu wa vitenge, yule aliyenivuta kutoka mkekani, na nyuma yake mkewe. Walikuwa na kuku wawili hai, mkungu wa matoke, sukari, maziwa, mchele. Aliponiona alishusha kila kitu chini na machozi yakamtoka.

"Shangazi! Unakufa, na hauniambie? Juu ya nini haukuniita?"

"Nani anakufa?"

"Watu wote wanasema. Angalia, umeisha!" Akamgeukia mkewe. "Si nilikuambia? Ameisha!"

Kuku mmoja alichomoka akaingia chini ya kitanda. Mimi nilitaka kuwa mkali, maana uvumi ulikuwa umenichosha, lakini nilipomwona mwanamume mzima analia mlangoni kwangu, ukali ukaniisha. Nilimwambia kaa. Nikasogeza meza. Nikapiga magoti katikati ya chumba, mikono nimeikunja kifuani, nikainuka. Nikapiga tena, nikainuka. Nikapiga mara nyingine, nikamtoa yule kuku uvunguni, nikainuka naye mkononi. Mke wake akaanza kupiga vigelegele. Kijana akakaa ananiangalia, machozi bado mashavuni, mdomo wazi.

"Shangazi," akasema polepole, "sasa uko na magoti."

Tulipika mboga, kuku nikawaambia warudi nao. Wakati wa chai ndipo aliponieleza jambo lililomleta zaidi ya kilio. Mdogo wake anaoa. Familia ya binti inakaa upande wa Nakawa, watu wa heshima, na shangazi wa binti ameshafika nyumbani kwa mpwa wangu kuwaangalia. Ukutani aliona picha kubwa ya harusi, ambapo mimi nimekaa mbele nikichukua nafasi ya watu watatu. Akaiangalia sana. Akasema, "Huyo ndiye shangazi yenu? Nitafurahi kumsalimu." Kwa hiyo shangazi mwingine hawezekani. Wananingoja mimi, na wananijua ukubwa wangu.

Msemaji alipoambiwa alishika kichwa. Akileta mwingine, itaonekana ukoo wetu unabadilisha shangazi kama viti. Akinileta mimi, watasema ugonjwa umeingia katika ukoo, na binti wao hawamtoi. Alifikiri, akaniita, akasema amepata dawa. Ninunue blanketi, nilizungushe mwilini chini ya gomesi mpaka nifanane na picha.

"Na hii sherehe ikiharibika," akaongeza, "shangazi, vikapu. Mpaka mwisho."

Sikununua, ninalo. Asubuhi ya siku ile mke wa mpwa wangu alinifunga blanketi tumboni na kiunoni kwa kamba za kanga, akanivisha gomesi ya zamani juu yake, tukajitazama kiooni. Lo! Nilikuwa nimerudi. Tulicheka mpaka akakaa sakafuni. Ila garini nilianza kuchemka. Jua lilikuwa kali, blanketi ni la sufu, na kabla hatujafika Nakawa lilikuwa limeanza kuteremka na kunibana mapajani. Tuliposhuka nyuma ya ua wa wenyeji kujipanga, nilijaribu kupiga magoti kidogo, kwa siri, nyuma ya gari. Nikashuka vizuri. Kuinuka, blanketi lilinikamata magoti yote mawili. Nikashika mlango wa gari nikajivuta kwa shida.

Nilisimama pale nikihema. Nilijiona tena kwenye ule mkeka, nikisalimia ng'ombe na migomba. Mwaka mzima wa dodo na kilima, halafu nirudi chini mwenyewe, kwa blanketi? Hapana! Nikamwambia mke wa mpwa wangu afungue kamba. Blanketi likaanguka chini. Nikakaza mshipi wa gomesi kwa kuuzungusha mara mbili, nikampa dereva blanketi alilalie, nikaenda kusimama mstari wa mbele. Msemaji aliponiona akaanza kunijia. Haikuwepo nafasi ya kugombana, wenyeji walikuwa wameshafungua lango.

Tulipokaa tu, msemaji wa wenyeji akaanza. "Wageni wetu, kwenye picha tuliona shangazi. Leo naona mmeleta binti yake. Mwenyewe yuko wapi?"

Kicheko. Lakini haikuwa mzaha mtupu. Niliona wazee wao wakinong'onezana. Msemaji wetu, mtu wa maneno yote yale, alikuwa anakunja na kukunjua karatasi yake. Basi nikasimama mimi.

"Yule wa kwenye picha nimemwacha nyumbani," nikasema. "Alipiga magoti kwa watu akashindwa kuinuka, tukatozwa soda. Leo nimekuja mimi ninayeinuka."

Wale waliokuwa wameisikia hadithi ile ya soda wakapasuka. Nikaenda mkekani, nikapiga magoti, nikasalimu kwa ufupi, sikuuliza habari za mvua, nikainuka wima. Vigelegele vikatoka upande wetu, na upande wa pili vikajibu kidogo, kwa tahadhari.

Kisha akatoka shangazi wa binti. Huyu ndiye mwenye neno. Kazi yake ilikuwa kuja kwetu kumtafuta bwana harusi. Akimvisha ua, tumekubaliwa. Alikuwa mwanamke mkubwa, mkubwa kama nilivyokuwa, gomesi yake ya rangi ya zambarau inang'aa. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Nikapiga magoti, naye akapiga magoti mkabala nami, kama inavyotakiwa. Akanishika mikono yote miwili. Hakuwa anasalimu, alikuwa anapima. Aliniangalia kucha, aliniangalia macho, akanivuta karibu. Aliwahi kuuza vitunguu na Wakenya sokoni Nakawa, Kiswahili chake kilikuwa kinatembea vizuri.

"Dada," akaninong'oneza, "niambie kweli. Huyu mtoto nimemlea mimi. Nampeleka kwa watu wazima?"

"Wazima. Daktari ndiye alisema nipungue."

"Wote wanasema hivyo."

Akaniachia mikono. Sikuona kama ameamini. Nikainuka, nikamngoja. Sasa ama angekwenda kumtafuta bwana harusi, ama angerudi kwa wazee wake, na nilijua yote yangu yanasimama hapo. Lakini hakwenda kokote. Alibaki kwenye mkeka, akitabasamu.

Nikalijua lile tabasamu. Nilijua kila kona yake. Mkono wake mmoja ulikuwa unarekebisha mshipi ambao haukuwa na kasoro, bega linasukuma, goti limekataa. Jasho lilikuwa limeanza juu ya mdomo. Nyuma yetu mahema yote mawili yalikuwa yanangoja, na muda si mrefu yule mwenye kipaza angepata mzaha.

Sikumwacha aupate. Nilifungua mikono, nikainama, nikamkumbatia kama ndugu tuliopoteana. "Mguu wa kulia mbele," nikamwambia sikioni. "Niegemee mimi, usiogope. Sasa." Akaegemea. Kile kilima cha Makerere kilifanya kazi yake mapajani mwangu, tukapanda pamoja, polepole, mpaka juu, mashavu yakiwa yamegusana. Watu waliona mashangazi wawili wanakumbatiana kwa furaha. Hema lililipuka kwa vigelegele, ngoma ikaingia, hata wazee wao wakapiga makofi.

Hakuniachia mara moja. Alikuwa anahema begani mwangu.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Niliwahi kukwama hapo."

Akanitazama tena usoni, safari hii bila kupima. Akafuta jasho kwa upindo wa gomesi, akapita mstari wa kwanza, wa pili, akamwona mdogo wa mpwa wangu kajikunja nyuma ya rafiki zake, akamvisha ua kifuani. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikapotea. Mpwa wangu mkubwa alikuja baadaye kunishika mkono, akawaambia wakwe, "Huyu ni shangazi yetu," na hakuna aliyekuwa amemwomba aseme.

Wiki iliyofuata simu yangu iliita. Namba siijui. "Dada," sauti ikasema, "huwa unatembea saa ngapi?"

Sasa anakuja kwa bodaboda kutoka Nakawa, amevaa gomesi na chini yake viatu vya raba, hataki kusikia habari ya suruali. Tunapanda Makerere tukigombana njia nzima, yeye kwa sababu ninakwenda mbio, mimi kwa sababu anataka kusimama kwa mama wa mahindi. Juzi tulikuwa katikati ya kilima, yeye ameketi juu ya jiwe akinilaani, simu ikaita. Msemaji.

"Shangazi, Jumamosi iko wapi? Kuna Mkenya. Wakwe nasema wanataka ule shangazi anainuka."

"Mbele au vikapu?" nikamuuliza. Nilitaka aseme.

"Mbele, nnyabo. Mbele kabisa."

Nikamwambia nitamjibu jioni, asubuhi hii nina mgeni. Kisha nikamnyooshea mwenzangu mkono, nikamwambia mguu wa kulia mbele.